Kusafisha Filamu ya Nyeusi na Nyeupe Nyumbani, Lubumbashi: Mwongozo Kamili kwa Wenye Mfuko Mdogo

Filamu haitashuka bei. Picha yake hujengwa na chembe za chumvi ya fedha zilizolazwa ndani ya jelatini, na fedha ni madini yanayouzwa sokoni kama shaba na kobalti yetu. Oktoba 2025 bei yake ilivuka dola 50 kwa aunsi na kupita kilele kilichokuwa kimesimama tangu Januari 1980. Viwanda navyo vimebaki wachache: Kodak kule Rochester, Marekani; Ilford kule Mobberley, Uingereza; Foma kule Hradec Králové, Jamhuri ya Cheki; na wengine wa kuhesabu kwa vidole. Baada ya hapo filamu ipande ndege, au ije kwa barabara ndani ya begi la mtu hadi Kasumbalesa mpakani, na kila anayeigusa anaongeza chake.

Bei hiyo hatuna la kuifanya. Tunachoweza kukata ni gharama ya kusafisha. Ukituma filamu nje ikasafishwe, mara nyingi unalipa kuliko ulivyoinunulia. Ukiisafisha mwenyewe, dawa ya filamu moja inaweza kuwa mililita 6 tu za kitu kilichokaa kabatini mwaka mzima. Msimamo wangu ni huu: bana matumizi kwenye dawa ya kutokeza picha, ambayo huku tunaiita revelateri, lakini usibane kwenye dawa ya kukaza, yaani fiksateri, wala kwenye kipimajoto. Utaona sababu tukiendelea.

Filamu ya kununua

Chagua filamu moja ukae nayo. Anayebadilisha aina kila mwezi hajui kama kosa ni la filamu, la kamera au la dawa. Kwa bei ya chini kuna Fomapan na Kentmere (hizi za pili hutoka kiwanda kimoja na Ilford). HP5 Plus ya Ilford ni ghali zaidi, ila inasamehe sana: ukikosea mwanga kidogo, bado utapata picha. Kama mko watu kadhaa, changeni mnunue rola ndefu ya mita 30.5. Inatoa takriban filamu 18 za picha 36, nanyi mnazijaza wenyewe gizani kwenye vikopo vya zamani.

Tahadhari mbili. XP2 Super ya Ilford inatoa picha nyeusi na nyeupe, lakini husafishwa kwa dawa za filamu ya rangi, kwa hiyo si ya mwongozo huu. Pia anayekuletea filamu kwa ndege aziweke kwenye begi la mkononi na aombe zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT za kukagulia mizigo kwenye viwanja vya ndege huziharibu hata zikipita mara moja.

Vyombo

Kitu kikubwa ni tangi lenye spirali (gurudumu la kuzungushia filamu), kama lile la Paterson. Ni kopo lisilopenya mwanga, ambalo kifuniko chake huruhusu maji kuingia na kutoka. La mtumba linafaa, mradi kifuniko kizima na bomba la katikati lipo. Bila bomba hilo mwanga unaingia. Ongeza kipimajoto, sirinji ya duka la dawa, mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma gramu, kikombe chenye vipimo, mkasi, kifungulio cha chupa (cha kubandulia kifuniko cha kikopo cha filamu), beseni, na vibanio vya nguo. Saa ni simu yako.

Chupa za kuhifadhia dawa zijazwe hadi mdomoni, kwa kuwa hewa ndiyo inayoziua. Usitumie chupa za fanta wala bia. Hata ukiandika jina kwa kalamu nene, mtoto hasomi. Anaona chupa ya fanta.

Maji

Hapa ndipo Lubumbashi inatofautiana na vitabu vilivyoandikwa Ulaya.

Kwa kusuuza na kwa fiksateri, maji yoyote masafi yanatosha: ya bomba la Regideso, shirika la maji, yakija, au ya bidoni (dumu). Kwa revelateri uwe mwangalifu, hasa ile ya kahawa na vitamini C nitakayoeleza chini. Chuma na shaba vikiyeyuka kwenye maji, hata kiasi kidogo mno, huchochea vitamini C ife haraka, na dawa iliyokufa haibadiliki sura. Unaimimina, unahesabu dakika, unatoa filamu tupu. Sisi tunaishi juu ya shaba. Maji ya kisima au ya foraji (kisima kilichochimbwa kwa mashine) yanayoacha alama ya kutu kwenye ndoo yaachie kufua nguo.

Suluhisho linauzwa kwenye vibanda vya vipuri vya magari: maji ya betri, ambayo ni maji yaliyotoneshwa. Filamu moja haimalizi lita moja, kwa kuwa unayatumia kwa revelateri na kwa msuuzo wa mwisho tu. Ila mwenye kibanda huweka asidi ya betri pembeni yake, wakati mwingine kwenye chupa zinazofanana kabisa. Uliza kwa mdomo, usisome lebo tu: «Papa, hii njo mayi ya batri ao ni aside?» Akisita, nenda kibanda kingine.

Halafu joto. Dakika zote kwenye karatasi za viwanda zimeandikwa kwa nyuzi 20. Asubuhi za Juni na Julai, bidoni iliyolala nje iko chini ya hapo. Oktoba iko juu sana. Weka chupa za dawa zote ndani ya beseni la maji, kisha rekebisha beseni: maji ya moto ukitaka kupandisha, chupa iliyogandishwa na kufungwa vizuri ukitaka kushusha. Usitie barafu ndani ya dawa.

Oktoba mimi sipigani. Naacha kila kitu kikae nyuzi 24 na napunguza dakika, takriban sehemu ya kumi kwa kila nyuzi moja juu ya 20. Mfano: HP5 Plus kwenye ID-11 au D-76 (revelateri za unga nitakazoeleza chini) iliyozimuliwa nusu kwa nusu ni dakika 13 kwa nyuzi 20, kwa nyuzi 24 inakuwa kama 9. Dawa isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, na kwenye joto inashuka hadi kama 5. Chini ya 5 picha hutoka na mabaka kwa sababu dawa haijapata muda wa kuenea sawasawa. Ndiyo maana msimu wa joto dawa iliyozimuliwa ni rafiki. Cha muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba revelateri, fiksateri na maji ya kusuuza vikaribiane joto. Kuitoa filamu nyuzi 25 na kuitumbukiza kwenye maji ya 14 huifanya jelatini ikunjamane.

Revelateri: njia tatu

*Rodinal na ndugu zake.* Dawa hii ilipata hataza mwaka 1891 na bado inauzwa, sasa kwa majina kadhaa, R09 na Adonal yakiwemo. Ni ya maji mazito, unaizimua sehemu 1 kwa 50 na kuimwaga baada ya filamu moja. Tangi la filamu moja ya 35 mm huchukua kama mililita 300, yaani mililita 6 za dawa. Chupa ya mililita 500 inafikisha filamu zaidi ya 80. HP5 Plus inachukua dakika 11 kwa nyuzi 20. Chembe za picha huonekana, na asiyezipenda atalalamika. Mimi nazipenda kwenye nyuso. Sifa yake kubwa ni kwamba haifi: chupa iliyofunguliwa hukaa miaka. Kwa mtu anayesafisha filamu moja kila akipata pesa, sijui dawa inayomfaa zaidi.

*D-76 au ID-11.* Hizi ni karibu kitu kimoja. D-76 ni ya mwaka 1927 na imebaki kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho. Huja kama unga, nao husafiri kwa ndege bila maswali mengi kama ya dawa za maji. Pakiti ya lita moja, ukizimua nusu kwa nusu, inatosha filamu 6. Ikishachanganywa hukaa kama miezi 6 kwenye chupa iliyojaa. Picha zake ni laini kuliko za Rodinal.

*Kahawa.* Si mzaha. Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake wa Rochester Institute of Technology walionyesha kwamba kahawa ya unga ikichanganywa na sodiamu kaboneti hutokeza picha. Kafeini haihusiki, kazi inafanywa na asidi nyingine zilizomo kwenye kahawa, na robusta ya bei rahisi inazo nyingi kuliko arabika. Kwa hiyo nunua ile mbaya zaidi dukani, ya papo hapo, isiyo na maziwa wala sukari.

Kwa mililita 300 za maji ya betri:

- sodiamu kaboneti kavu, gramu 16
- vitamini C ya unga, gramu 5
- kahawa ya papo hapo, gramu 12

Yeyusha kaboneti hadi maji yawe angavu kabisa. Tia vitamini C, itatoa povu. Mwisho kahawa. Acha dakika 5 mapovu yapungue, rekebisha joto, tumia ndani ya nusu saa. Dakika 15 kwa nyuzi 20. Harufu yake ni mbaya kweli, fungua dirisha. Vidonge vya vitamini C vya kuyeyuka kwenye glasi havifai, vina sukari na rangi. Tafuta unga mtupu, ambao hata waoka mikate huutumia kwenye unga wa ngano.

Usipopata kaboneti, itengeneze kwa bikarbonati ya sokoni. Itandaze kwenye sufuria ya chuma juu ya mbabula (jiko la mkaa) na ukoroge. Unga utaanza kutembea kama unachemka, kwa sababu gesi na mvuke vinatoka. Ukitulia, pima: gramu 100 za bikarbonati huacha gramu 63 za kaboneti. Ikiwa bado ni 75, rudisha motoni. Usitumie sufuria ya alumini, kaboneti inaila.

Kahawa naipendekeza kwa filamu za kasi 100 (kasi ni wepesi wa filamu kushika mwanga, namba yake iko kwenye kisanduku). Za kasi 400 hupata ukungu juu ya negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa) nzima, isipokuwa ukiongeza potasiamu bromidi, na ukishaanza kutafuta bromidi mjini hapa, afadhali ununue Rodinal. Picha za harusi ya dada yako usizisafishe kwa kahawa.

Fiksateri

Hii ndiyo inayoamua kama negativu yako itakuwepo baada ya miaka 30. Huondoa chumvi ya fedha ambayo haikuguswa na mwanga. Ikibaki, picha huwa ya maziwa na baadaye hugeuka kahawia. Nunua ya haraka iliyo tayari ukiweza. Kawaida huzimuliwa sehemu 1 kwa 4 na hutumika tena na tena.

Ukikosa, tengeneza: gramu 200 za chembe za sodiamu thiosulfati na gramu 12 za sodiamu metabisulfiti kwa lita moja. Thiosulfati hupoza maji inapoyeyuka, kwa hiyo anza na ya uvuguvugu, lakini metabisulfiti itie yakishapoa. Metabisulfiti huku si kitu cha ajabu, viwanda vya kobalti huitumia kwa magunia. Moshi wake unakaba. Mwenye pumu asiisogelee. Fiksateri ya X-ray pia inafanya kazi, kama unamjua mtu kwenye kliniki ambayo bado inasafisha filamu kwa dawa za maji, ila mara nyingi ina dawa ya kugumisha jelatini, hivyo usuuze kwa muda mrefu zaidi.

Muda wake usiukisie. Kata kipande cha ulimi wa filamu (ncha ya mwanzo inayojitokeza kwenye kikopo), kitumbukize kwenye fiksateri mchana kweupe, hesabu sekunde hadi kiwe angavu. Muda wa kukaza ni mara mbili ya huo, na mimi hufanya mara tatu. Andika namba ya siku ya kwanza kwenye chupa. Siku kipande kitakapochukua muda mara mbili ya ule, fiksateri imechoka.

Kipande kingine kitie kwenye revelateri. Ndani ya dakika chache kinapaswa kuwa cheusi. Kisipokuwa, usisafishe kitu siku hiyo. Jaribio hili halikugharimu hata picha moja.

Giza na kuipandisha filamu

Mfuko wa giza ni mzuri, lakini chumba kinatosha. SNEL, shirika la umeme, ikikata usiku na mtaa mzima ukawa mweusi, umepata maabara ya bure. Ingia, ziba chini ya mlango kwa blanketi, kaa dakika 5. Ukianza kuona mkono wako, kuna mwanga. Zima simu kabisa, vua saa yenye mishale inayong'aa, na ukumbuke taa ndogo za modemu na betri.

Kabla ya hapo, toa kafara filamu moja iliyopitwa na wakati. Ipandishe kwenye spirali ukiona, kisha umefumba macho, kisha gizani, hadi vidole vizoee. Kata ncha iwe sawa na zungushia pembe zake kidogo kwa mkasi. Sukuma hadi ishikwe na vishikio, kisha zungusha pande mbili za spirali kwa zamu, mbele na nyuma. Inapokwenda vizuri unahisi mkwaruzo mwepesi usiokatika. Inapokwama, mkwaruzo unakuwa mgumu na filamu inajipinda kidogo chini ya kidole gumba: simama hapo hapo. Ukilazimisha, itakunjika na kuacha alama nyeusi kama mwezi mchanga. Spirali yenye unyevu ndiyo chanzo cha kwanza, na jasho la mikono ndani ya mfuko mwezi wa Oktoba ndilo cha pili. Weka kila kitu ndani ya tangi, funga, toka nje, kausha mikono, rudi.

Kusafisha

Tangi likishafungwa, washa taa. Kila kitu kiwe kimepangwa kwa mpangilio wa kutumika: revelateri, maji, fiksateri, maji.

Mimina revelateri kwa haraka bila kusita na anzisha saa. Pindua tangi mara 4 ndani ya sekunde 10, kisha ligonge mezani ili mapovu yaachie. Kila dakika ikianza, pindua mara 4 tena. Usitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kupindua kupita kiasi huongeza weusi. Anza kumwaga sekunde 10 kabla ya muda kwisha.

Jaza maji, pindua, mwaga, mara mbili. Ukitaka kusimamisha kwa asidi, siki nyeupe sehemu 1 kwa 4 za maji, nusu dakika, inatosha. Lakini ukitumia kahawa kaa na maji matupu, kwani siki ikikutana na kaboneti hutoa gesi.

Fiksateri kwa muda uliopima, ukipindua kila dakika, kisha uirudishe kwenye chupa yake. Sasa unaweza kufungua na kuchungulia.

Kusuuza ndiko watu humaliza bidoni bila sababu. Njia ya Ilford inatumia maji kidogo: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Basi. Huhitaji bomba linalotiririka nusu saa, na njia hii inafaa kwa fiksateri yoyote isiyogumisha. Msuuzo wa mwisho ni maji ya betri yenye tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita. Yasitoe povu.

Kukausha

Vumbi letu jekundu ni adui kuliko dawa mbovu, hasa kuanzia Juni hadi mvua zianze. Likinata kwenye jelatini iliyolowa halitoki tena. Kausha bafuni: mwaga maji ya moto sakafuni kwanza, mvuke ushushe vumbi, subiri, kisha tundika filamu kwa kibanio na uweke kingine chini kiivute. Usiipanguse. Funga mlango na waambie wa nyumbani wasubiri hadi asubuhi. Hiyo ndiyo hatua inayoleta ugomvi.

Kusoma negativu

Tazama kwanza maandishi ya pembeni, yaliyochapwa na kiwanda. Yakiwa meusi na wazi, kusafisha kulienda sawa, hata kama picha hazionekani. Basi kosa ni la mwanga au kamera. Filamu nzima ikiwa angavu bila hata herufi, revelateri ilikuwa imekufa, au fiksateri ilitangulia kuingia. Maandishi hafifu na picha hafifu: ongeza muda au angalia kipimajoto. Maandishi meusi mno na anga isiyopenya mwanga: punguza. Rangi ya maziwa inatibika, rudisha kwenye fiksateri mpya hata mchana. Vidoa vidogo vya mviringo ni mapovu, gonga tangi zaidi.

Kwa kuanzia, zipige kwa simu juu ya skrini nyeupe ya tableti, ukiinua negativu kidogo ili nukta za skrini zisionekane, kisha geuza rangi kwa programu.

Fiksateri iliyochoka

Ina fedha iliyoyeyuka, na mtaani kwetu visima haviko mbali na mashimo ya maji machafu. Usiimwage. Ikusanye kwenye bidoni yenye alama na utie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Chuma kinayeyuka na fedha inatua chini kama tope jeusi. Baada ya siku kadhaa chuja tope ulitunze likiwa kavu. Kwa filamu chache ni kidogo mno kukufaidi, ila mkiwa kundi mnaosafisha pamoja mwaka mzima, ulizeni wanaoyeyusha madini kabla ya kulitupa. Maji yaliyobaki yasiende kisimani wala bustanini.

Negativu zikikauka, kata vipande vya picha 6, weka kwenye karatasi za kuhifadhia, na uandike juu yake: filamu gani, dawa gani, nyuzi ngapi, dakika ngapi.